Pesa ya Hell's Gate Iliyomezwa Kabla Tufike Getini

Jumamosi, saa mbili na dakika chache asubuhi, tulikuwa sita mbele ya Elsa Gate, kila mtu ameshikilia baiskeli. Tulikuwa tumezikodi kule chini kwenye makutano ya barabara ya South Lake kwa ahadi ya kulipa tukirudi, na mwenye baiskeli alibaki na kitambulisho cha mmoja wetu. Tulikuwa na maji, chapati kumi na mbili, na hamu ya wiki nzima.

Mweka hazina wetu, tuliyemwita Waziri kwa sababu ya wizara yake ya fedha, alikuwa ameinamia simu. Getini hawachukui pesa taslimu. Malipo ya mbuga za KWS hupitia eCitizen, na pesa yetu sote ilikuwa kwa laini yake. Zikapita dakika tano, zikapita kumi. Askari wa geti akauliza kama ni mtandao unasumbua.

"Eeh, ni mtandao tu," Waziri akasema.

Haikuwa mtandao.

Sisi watatu tunaoandika makala hii kwenye timu ya elimu kwa wateja tulifahamiana kabla ya kuajiriwa hapa, tukiwa wanagenzi katika kambi moja ya vijana kando ya Ziwa Naivasha. Waziri tulimpigia kumwomba ruhusa ya kusimulia kisa hiki. Akakubali kwa masharti mawili: tusitaje jina lake, na tuseme wazi kwamba alilipa yote. Alilipa yote.

Kuhesabu watoto

Ukisikia mtu amefanya kazi ya kambi wakati wa likizo, unadhani alikuwa akipiga picha na twiga. Ukweli ni kwamba kazi yenyewe ni kuhesabu. Unahesabu watoto kabla ya uji na baada ya uji. Unawahesabu wakiingia majini, unawahesabu wakitoka. Usiku unawahesabu mara mbili, kwa sababu viboko hutoka ziwani kula nyasi na hakuna anayetaka kumtafuta mtoto wa miaka kumi na mmoja nje ya ua wa umeme. Hata leo, tukiingia kwenye lifti na watu wengi, tunajikuta tunahesabu vichwa.

Watoto walifika Jumapili jioni na kuondoka Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Katikati hapo kulikuwa na kamba za kupanda, mitumbwi, nyimbo za kando ya moto, na machozi ya usiku wa kwanza ambayo hakuna kozi ya chuo kikuu inayokufundisha kuyatuliza. Tulisomea masoko kwa miaka minne, na kazi ya kwanza tuliyopewa ilikuwa kusugua sufuria ya uji yenye ukubwa wa beseni la kuogea. Posho ilikuwa shilingi 3,500 kwa wiki, chakula na hema juu ya kambi. Hatukulalamika. Sawa, tulilalamika, lakini usiku, na kwa sauti ya chini.

Mmoja wetu alipewa duka la kambi, na hapo ndipo kisa hiki kinapoanza hasa. Mzazi alikuwa akituma pesa za matumizi za mtoto kwenye nambari ya till ya kambi. Sisi tunaandika kiasi hicho kwenye kitabu kikubwa, kila mtoto na ukurasa wake. Mtoto akinunua biskuti tunapunguza, anaweka sahihi yake, na Ijumaa kilichobaki kinarudi kwa mzazi. Watoto walipenda sana hilo jambo la kuweka sahihi. Kuna mmoja alinunua peremende moja moja mara nane kwa siku ili tu apate kusaini.

Siku moja mama mmoja alituma shilingi 500 moja kwa moja kwenye simu ya mwenzetu, kwa sababu alikuwa na nambari yake na ilikuwa rahisi. Meneja aliposikia, alikuja mpaka dukani. "Itume kwa till. Sasa hivi, nikiona."

Mwenzetu akasema si alikuwa anaenda kuituma tu jioni.

"Si wewe ninayekushuku," meneja akasema. "Simu yako ina mambo yake."

Tulicheka hilo neno wiki nzima. Mtu akichelewa kuamka, tunasema simu yake ina mambo yake. Supu ikizidi chumvi, sufuria ina mambo yake.

Jinsi Waziri alivyopata wizara

Wikendi zilikuwa zetu kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili saa tisa. Ya kwanza tuliitumia kulala. Ya pili tulienda mjini Naivasha kwa matatu, tukazunguka sokoni, kisha tukala samaki karibu na ziwa huko Karagita hadi jua likaanza kutua. Ilikuwa siku nzuri sana iliyoharibiwa na hesabu. Mmoja alikuwa amelipa nauli ya watu wote, mwingine amelipa samaki, mwingine amenunua soda lakini za watu wanne, na kila mmoja alikuwa anasema "nitakutumia." Kufikia Jumatano kulikuwa na soo mbili mbili zinazodaiwa kila upande na watu wawili hawasalimiani wakati wa uji.

Kwa hiyo tukaamua: wikendi ya Hell's Gate tutachanga mapema, kila mtu shilingi 1,200, na mtu mmoja atashika na kulipa kila kitu. Tulimchagua yule ambaye hakuwahi kusahau deni la mtu, awe anadaiwa au anadai. Kwa uaminifu, hata leo tungemchagua tena.

Pesa zilianza kuingia kwake Jumanne. Kufikia Alhamisi usiku sisi watano tulikuwa tumetuma zote, jumla 6,000. Akaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Nimepokea. Asanteni." Tukaweka vidole gumba. Kile ambacho hakuandika ni kwamba pesa hizo hazikuwa zinakaa.

Kilichotokea ndani ya simu

Siku chache kabla ya kuchanga, Waziri alikuwa amepigiwa kutoka nyumbani. Dawa za presha za shosho yake zimeisha, na duka la dawa halikopeshi. Yeye alikuwa amesota. Akalipa kwenye till ya duka hilo akitumia overdrafti ya simu, shilingi 4,000, akijua posho inakuja. Ni jambo ambalo sisi sote tungefanya. Shosho alipata dawa siku hiyo hiyo.

Tuseme wazi jinsi overdrafti ya simu inavyofanya kazi, maana wengi wetu tunaitumia bila kuisoma. Unapolipa na salio halitoshi, huduma inajazia pengo hadi kiwango ulichopewa. Kuna ada ya kuitumia, na mara nyingi kuna ada nyingine inayoongezeka kila siku mpaka umalize deni. Kisha pesa yoyote inayoingia kwenye akaunti yako inaanza kulipa deni, lote au sehemu yake, kabla wewe hujaigusa. Mfumo hauulizi pesa imetoka wapi. Mshahara, zawadi ya harusi, mchango wa matanga, pesa ya maji mliyokusanya kwenye ploti: kwake yote ni salio tu.

Kwa hiyo 1,200 ya kwanza ilipoingia Jumanne, ilimezwa. Ya pili ikamezwa. Ya tatu pia. Ya nne ikamaliza deni, ambalo pamoja na ada lilikuwa limefika 4,310, na kumwachia 490. Ya tano ikaingia salama. Alikuwa na 1,690 kati ya 6,000, na kila ujumbe wa makato alikuwa ameusoma peke yake ndani ya hema.

Mbona hakusema? Tulimuuliza hilo swali pale pale getini, na si kwa upole. Mmoja wetu, ambaye leo ndiye anayehariri makala hii, alisema maneno "umekula pesa yetu" mbele ya askari na familia moja iliyokuwa ikishuka kwenye gari. Waziri alisema alikuwa anangoja Ijumaa. Posho ingeingia, yeye angejazia, na hakuna ambaye angejua. Lakini Ijumaa hiyo mhasibu alikuwa amesafiri, na tukaambiwa posho ni Jumatatu. Sote tulikuwa tunajua posho imechelewa. Hatukujua kwamba Hell's Gate yetu nzima ilikuwa imesimama juu ya posho hiyo.

Kisha ikatokea kitu ambacho tumekifikiria mara nyingi tangu tuanze kazi hii. Kwa kuwa deni lilikuwa limelipwa, simu ya Waziri ilikuwa imefungua tena kiwango chake chote. Angeweza kulipia kila mtu getini kwa kubonyeza mara mbili. Akasema, "Naweza kuitoa tena hapa, tuingie, tusiharibu siku."

Kidole kilikuwa tayari kwenye skrini. Aliyemzuia ni yule yule aliyekuwa amemfokea. "Na Jumatatu posho ikiingia itakwenda wapi?" Wote tukanyamaza. Ingemezwa, bila shaka. Na yeye angebaki anatudai samahani na kudaiwa na simu, na shosho bado ana dawa za mwezi unaofuata.

Tukageuza baiskeli. Mwenye baiskeli alitutazama tukirudi baada ya nusu saa, akarudisha kitambulisho, akasema tumpe tu ya soda. Mmoja akampa soo, noti ya mwisho aliyokuwa nayo. Chapati tulizila tukitembea kurudi kambini, hakuna anayezungumza.

Chama cha Mama Chapo

Aliyetuokoa ni mpishi wa kambi, ambaye hatukuwahi kumwita kwa jina lingine isipokuwa Mama Chapo. Alituona tumerudi saa nne asubuhi na nyuso za matanga, akatupa kazi ya kuchambua maharagwe, na kufikia sufuria ya pili alikuwa amejua kila kitu.

Hakumlaumu Waziri. Akasema chama chao, cha wanawake kumi na wawili, kilipotea namna hiyo hiyo mwaka wa kwanza. Mweka hazina alikuwa mwaminifu kuliko mchungaji, lakini alikuwa na mkopo kwenye laini, na pesa ya mzunguko wa mwezi ikaingia humo. Waligombana mpaka mumewe akauza mbuzi. Tangu hapo wana laini ya chama peke yake, ambayo haijawahi kukopa hata shilingi. Mama mmoja anakaa na simu, mwingine ndiye anayejua PIN, kwa hiyo hakuna pesa inayotoka bila wawili kukutana.

Hapa lazima tukohoe kidogo. Tukiwa kampuni ya malipo hatuwezi kukuambia ufanye hilo la PIN. Laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mmoja, na PIN ni ya mwenye laini peke yake. Mambo yakienda kombo, ndiye atakayeulizwa. Kama kundi lenu linakaa pamoja kwa muda, fungueni akaunti ya kikundi inayodai idhini ya zaidi ya mtu mmoja, au mtumie till au paybill iliyosajiliwa kwa jina la kikundi. Lakini lile wazo la laini isiyokopa, Mama Chapo alikuwa ametuzidi sote na digrii zetu.

Sisi hatukuwa chama. Tulikuwa watu sita wenye wikendi nne zilizobaki, kwa hiyo tulifanya jambo jepesi zaidi: tukaacha kuchanga kila kitu. Kiingilio, kila mtu alipe chake kwenye eCitizen usiku wa kuamkia safari, atume picha ya risiti kwenye kundi. Baiskeli, kila mtu alipe kwa till ya mwenye baiskeli. Kilichobaki cha pamoja kilikuwa nauli na chakula, shilingi mia tatu hivi kwa kichwa, na hiyo tulimpa mtu ambaye alifungua simu mbele yetu, akaangalia kama ana deni, na kutuonyesha skrini. Mara ya kwanza ilikuwa na aibu kidogo, kama kumwomba mtu akuonyeshe soksi. Mara ya pili hakuna aliyeona ajabu.

Tukipokea simu za wateja siku hizi, swali hili huja kwa sura nyingi. Kijana amekusanya pesa ya zawadi ya mwalimu, au mtu amekusanya kodi ya wenzake wanaoishi naye, au kamati ya mazishi imetumia nambari ya binamu mmoja. Wanauliza: mnaweza kurudisha? Kurudisha muamala ni kwa pesa iliyotumwa kwa mtu asiye sahihi. Pesa iliyoingia kwa mtu sahihi na kulipa deni lake halali imefika ilikotumwa. Inayobaki ni mazungumzo kati yenu, na hayo ni bora yafanyike siku ile ujumbe wa kwanza wa makato unapoingia. Laiti Waziri angesema Jumanne, tungekuwa tumepoteza 1,200, na wanne wengine wangeshika pesa zao. Na wewe unayetuma, una haki ya kuuliza "laini yako ina deni?" kabla hujatuma. Si tusi. Uliza hata kama ni ndugu yako. Ukiwa wewe ndiye unayepokea, angalia salio la deni kwenye programu au menyu kabla hujatoa nambari yako kwenye kundi. Ukikuta lipo, sema tu kwamba mtu mwingine ashike. Si lazima ueleze habari za shosho.

Getini tena

Tulirudi Hell's Gate wiki mbili baadaye, risiti sita mkononi. Mbuga hiyo ni miongoni mwa chache nchini ambapo unaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya wanyama, na hakuna anayeweza kukueleza vizuri hisia ya kupita mita chache kutoka kwa pundamilia bila kioo cha gari. Fischer's Tower ipo hatua chache tu kutoka getini, mwamba umesimama peke yake na watu wanaupanda kwa kamba. Mbele zaidi barabara inateremka kati ya kuta za mawe mekundu, na mvuke wa Olkaria unapanda nyuma ya vilima, pale nchi inapovuna umeme kutoka ardhini. Vumbi liliingia mpaka kwenye meno.

Kwenye korongo hatukushuka. Mawingu yalikuwa meusi upande wa juu, na mwaka 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua wageni waliokuwa humo ndani. Maji hunyesha mbali na kukufikia wewe uliye kwenye jua. Meneja alikuwa ametuambia kama askari akisema hapana, ni hapana, na safari hii hatukucheka. Tulikaa juu, tukala chapati, tukamwangalia nyani mmoja akiiba ndizi ya Waziri kutoka mkononi.

Deni lake alilipa hivi. Siku ile ile ya getini alitugawia zile 1,690 zilizobaki, 338 kila mtu. Kisha kila Ijumaa posho ikiingia alitutumia 300 kila mmoja, na ada ya kutuma akaibeba yeye. Tulimwambia inatosha baada ya Ijumaa ya pili. Akakataa.

Wikendi ya mwisho tulipanda Longonot. Ni mita 2,776 pale juu kabisa, na njia ya kwenda kwenye ukingo wa kreta ina vumbi laini linalokurudisha nyuma hatua moja kwa kila mbili unazopiga. Tulipofika ukingoni tukajitupa chini, kreta yote ya kijani mbele yetu, na msitu wake ambao kutoka juu unaonekana kama sukuma wiki shambani. Hakuna aliyekuwa na pumzi ya kuongea. Waziri akatoa simu, akaiinua kutafuta mtandao, akaanza kubonyeza.

Simu zetu tano zikalia moja baada ya nyingine. Shilingi 262.

Mhariri wetu akapiga hesabu kwa vidole, akamtazama. "Na ile soo ya mwenye baiskeli?"

Waziri akavua kiatu kimoja, akakung'uta vumbi, na kutoa noti ya mia kutoka ndani ya soksi.